Mtoto Aliyezamishwa Karatasini

Barua zilifika mbili siku moja, na Blia Moua aliitambua yake kwa wembamba kabla hata hajalisoma jina. Aliipima kwa vidole viwili pale kwenye mlango wa nyuma, theluji ya kwanza ikimwangukia viatuni, kisha akaipima ile nyingine. Ile nyingine ilikuwa nene, imebandikwa stempu tatu, na juu yake pameandikwa Gaosheng Thao.

Fomu ya mashindano ya hadithi aliileta yeye Blia. Aliipata katika darasa lake la watu wazima, chini ya maktaba, upande wa mashariki wa mji wa St. Paul, akaibandika kwenye mlango wa friji ili isipotee. Alichosahau ni kwamba friji ile ilikuwa ya nyumba nzima: yake na mumewe Neng, ya mama mkwe wake Chia, na ya Teng, mdogo wake Neng, pamoja na Gaosheng, mke wa Teng, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na saba na shahada mbili.

"Dada mkubwa, hiyo ni yangu?" Gaosheng aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Si jina lako hili? Au kusoma siku hizi ni kazi yangu mimi peke yangu humu ndani?"

Gaosheng aliichana bahasha kwa meno. Akasoma mstari mmoja, akapiga ukelele uliomtoa Teng bafuni na povu la kunyolea ndevu shavuni. "Wamenichukua! Si hadithi tu, wanataka kitabu kizima! Nitasoma maktaba Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya watu!"

"Hongera, mdogo wangu," Blia alisema, akaenda kuifungua yake chooni huku bomba likitiririka.

Aliisoma kwa kidole mara tatu. Walimshukuru. Walisema maandishi yake yalikuwa machangamfu. Hata hivyo, wangependa kuhisi zaidi machungu ya safari ya watu wake. Blia alikaa juu ya kifuniko cha choo, akaitazama karatasi. Alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya Mama Chia na meza yake ya mboga katika soko la wakulima: jinsi alivyomkamata mkono bibi mmoja aliyekuwa akizibinyabinya nyanya, akamrudishia mkono wake taratibu, kama anayemrudishia mtu kitu alichokisahau. Kurasa hizo zilimchukua miezi minne. Aliziandika baada ya kuosha masinia ya watoto mia sita katika jiko la shule, vidole vikiwa bado vimekunjamana kwa maji.

Bi Lindgren, mwalimu wake, mwanamke mwenye moyo mzuri, alikuwa amezisoma akitabasamu, kisha akauliza, "Na mto je, Blia? Wewe hukuvuka mto?"

"Sikuvuka, mwalimu. Nilizaliwa kambini, mto ulikwisha kuvukwa."

"Lakini mama mkwe wako alivuka?"

"Alivuka."

"Basi!" alisema Bi Lindgren, akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeiona taa gizani.

Blia hakutaka kuuandika mto. Kila Mhmong aliyemjua, wa watu wale waliokimbia vita kwao kwa kuvuka mto Mekong hadi kambi za wakimbizi, alikuwa amekwisha kuulizwa habari za mto na Mmarekani fulani: daktari, mwalimu, jirani mwenye mbwa. Alitaka waione nyanya. Na sasa Gaosheng, aliyezaliwa hospitalini dakika kumi kutoka hapo, ambaye mto pekee aliouvuka aliuvuka juu ya daraja, ndani ya gari lenye kipasha joto, amepewa kitabu.

Wivu hauna haja ya kualikwa. Uliketi naye chooni, ukatoka naye, ukala naye chakula cha jioni.

*

Hadithi ya Gaosheng aliikuta Jumatano kwenye mashine ya kuchapia, akaitia mkobani akaenda nayo kazini. Aliisoma wakati wa mapumziko, amekaa juu ya kreti la maziwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kupanda mlima, hatua kwa hatua, lakini alikuwa amekwisha kujifunza kutorudi nyuma.

Palikuwa na usiku. Palikuwa na risasi. Palikuwa na mama kijana aitwaye Chia, ametota hadi kifuani kwenye maji ya Mekong, na mzaliwa wake wa kwanza, mtoto wa miezi minne, amefungwa mgongoni. Ili asilie, mama alikuwa amempa kasumba kidogo, ile afyuni, ya kumlaza. Alipofika ng'ambo akamfungua, mtoto alikuwa baridi. Akamzika kwa mikono yake chini ya mianzi, akaendelea na safari bila kugeuka nyuma.

Blia alijikuta analia. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Watoto wa namna hiyo walikuwako kweli. Yeye mwenyewe alimjua mwanamke kambini aliyekuwa na kaburi kama hilo, naye hakulitaja katika maisha yake yote.

Kisha akafuta macho, akahesabu. Mzaliwa wa kwanza. Miezi minne. Mwaka ule wa kuvuka.

Mzaliwa wa kwanza wa Mama Chia alikuwa Neng. Neng mumewe, mwenye kilo tisini na nne, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemaliza mayai yote.

Wala Mama Chia hakuvuka usiku. Kila mwaka mpya, akijaza soseji za nguruwe, aliwasimulia: alivuka mchana kweupe, saa ya chakula. Mwenye mtumbwi alitaka mikufu miwili ya fedha, yeye akatoa mmoja, wakabishana hadi kivuli kikahama. Na mtoto alilia njia nzima, tena alimkojolea mwenye mtumbwi mgongoni. Hapo Mama Chia hucheka hadi soseji zinamponyoka.

Blia aliikunja ile karatasi taratibu. Angeweza kumwita Gaosheng pembeni, jambo likaisha baina yao. Alilifikiria hilo tangu kwenye kreti la maziwa hadi kituo cha basi, na akaliacha hapo kituoni.

*

Jumapili walikuja wageni kula kwa heshima ya Gaosheng. Mama Chia alichemsha kuku kwa majani ya dawa, akapika wali wa kunata, akatwanga pilipili. Shangazi Youa, dada wa marehemu baba mkwe, alikaa chini ya madhabahu ya ukoo, pale ukutani palipobandikwa karatasi za dhahabu na fedha.

"Haya, tuambieni," alisema Mama Chia. "Huyu binti kaandika nini hata Wamarekani wakamtaka? Mimi bili zao za umeme tu ndizo zinazonifikia."

"Nimeandika juu yako, Mama," Gaosheng alisema, akiinamisha kichwa. "Juu ya ushujaa wako."

"Ushujaa! Masikini. Upi huo?"

"Ni ndefu, Mama. Nitakueleza siku nyingine."

"Si ndefu," alisema Blia. "Mimi nimeisoma."

Gaosheng aliinua uso. Neng aliendelea kuvunja mfupa wa kuku. Na Blia, kwa sauti ya upole aliyoisikia mwenyewe ikiwa tamu kupita kiasi, alisimulia kwa Kihmong, neno kwa neno, hakuruka hata risasi moja. Usiku. Mto. Kasumba. "Mzaliwa wa kwanza wa Chia Vue, mwana wa ukoo wa baba yake, Lor, akafa. Akazikwa chini ya mianzi."

Kijiko cha Shangazi Youa kilianguka kwenye bakuli.

Katika nyumba ile mtoto mchanga hakusifiwa uzuri. Aliitwa mbaya, mwenye pua ya chura, ili wasiomtakia mema wasimtamani. Mgonjwa hakutajiwa kaburi. Roho ya mtu ina masikio, tena ni nyepesi kuogopa. Ikisikia imekwisha kuzikwa, huenda ikaamini na kuondoka. Hayo Blia aliyajua kabla hajajua kufunga viatu.

"Nani amesema mwanangu amekufa?" aliuliza Mama Chia.

"Gaosheng, Mama. Ameandika."

"Mama, ni hadithi tu!" Gaosheng alisema. "Si Neng hasa. Ni mtoto tu, ni mfano."

"Mama, mimi hapa nipo," alisema Neng. "Nakula."

"Kula kimya. Hata waliokufa hula, ndiyo maana tunawawekea." Mama Chia aliinuka, akatoa uzi mweupe kwenye droo, akamfunga mwanawe kifundo cha mkono, mafundo matatu, ili roho isitoke. "Huendi kuwinda kulungu. Huendeshi gari. Utakaa ndani."

"Mama! Kibali nimekwisha lipia!"

"Utakaa ndani." Kisha akawageukia wake wa wanawe. Blia alikuwa amejiandaa kuona ghadhabu yote ikimwangukia Gaosheng. Alikuwa amejipangia hata uso wa kusikitika. Lakini jicho la mkwewe lilimpita Gaosheng, likatua kwake.

"Huyu kaandika kwa Kiingereza," alisema Mama Chia. "Wazee wetu waliotangulia hawajui Kiingereza. Ile karatasi ilikuwa bubu. Wewe ndiye uliyelisema. Kwa lugha yetu, juu ya chakula, chini ya madhabahu, ukamtaja ukoo na jina la mama yake. Wewe, mkewe. Huyu alimwua kwa Wamarekani. Wewe umemwua hapa nyumbani."

Blia alianza kuyakusanya mabakuli.

"Neno hurudishwa na mdomo uliolitoa, mbele ya masikio yaliyolisikia," alisema Mama Chia. "Huyu atalirudisha mbele ya Wamarekani wake, siku hiyo ya maktaba. Nawe utasimama naye ulirudishe kwa Kihmong, mbele yangu na mbele ya Youa. Asiyetaka, nyumba za kupanga ziko nyingi. Msidhani nitalia. Nimehama zaidi yenu."

*

Walikutana jikoni siku iliyofuata, Blia akikata mboga, Gaosheng akiosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema Gaosheng.

"Ningekuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Unajua kwa nini. Usinifanye nilitaje."

Gaosheng alifunga bomba. "Wajua mwanzo nilivyoandika? Niliandika mchana. Niliandika mikufu, na mkojo mgongoni mwa yule bwana. Mhariri wa mashindano, Bi Halvorsen, akanipigia simu, akasema inachekesha, lakini wasomaji watauliza: mlipoteza nini? Nikaweka usiku. Akasema bora, lakini bado. Nikaweka risasi. Nilipomwua mtoto, dada, alilia kwenye simu. Akaniita mwandishi." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Sikumfikiria shemeji. Naapa. Nilimfikiria Bi Halvorsen."

"Wewe angalau walikupigia simu," alisema Blia, akipiga kisu ubaoni. "Mimi nyanya zangu zilirudishwa kwa mistari mitano. Uchangamfu! Kama mtoto wa kuku."

"Nyanya gani?"

Katika nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba Blia naye alipeleka hadithi. Gaosheng aliutazama mlango wa friji, akaelewa, na kwa huruma yake akamwongezea jeraha: "Ile fomu ilikuwa yako."

"Ilikuwa kwenye friji. Vya kwenye friji ni vya wote."

"Nikisema siku hiyo kwamba si kweli, wataninyang'anya kitabu, dada mkubwa."

"Ndiyo."

"Teng anasema tuhame."

"Hameni," alisema Blia, na kisu kikamkata kidole.

*

Jumamosi maktaba ilijaa. Mama Chia alikaa safu ya tatu, amevaa kilemba chake cha sherehe, Shangazi Youa kulia kwake, Neng kushoto na uzi wake mkononi. Palikuwa na sahani ya biskuti, na Neng, aliyekosa kulungu, alikuwa amejihudumia.

Bi Halvorsen, mrefu, mwenye shali ya buluu, alifurahi aliposikia Blia atasimama pamoja na Gaosheng ili kuwafasiria wazee. "Vizuri sana! Mama atajisikia katika lugha yake mwenyewe," alisema, akiushika mkono wa Blia kwa mikono miwili. Hakukumbuka kwamba jina hilo aliwahi kuliandikia barua.

Gaosheng alianza kusoma. Aya ya kwanza ilikuwa ya mlima na ukungu, haina ubaya, Blia akaifasiri. Ya pili ilikuwa ya njia; akaifasiri. Kisha wakafika ukingoni mwa mto, na Gaosheng akanyamaza.

Blia alijua kwamba hahitaji kufanya lolote. Gaosheng akisoma mstari mmoja zaidi, hatalala tena katika nyumba ile. Akiacha kusoma, hana kitabu. Njia zote mbili zilikuwa zile zile alizoziomba juu ya kifuniko cha choo. Hakuna aliyewahi kupata alichokitamani kwa ukamilifu kama huo.

"Dada," Gaosheng alinong'ona kwa Kihmong, uso bado umeelekea watu. "Nikisema, wewe utafurahi."

"Nitafurahi."

"Huoni haya?"

"Naona. Sema tu. Nitasema nawe."

Watu walitabasamu, wakidhani wanawake wale wawili wanatafuta neno zuri. Gaosheng aliishusha karatasi.

"Sehemu inayofuata si kweli," alisema kwa Kiingereza. "Imeandikwa kwamba mtoto alikufa. Hakufa. Yule pale, safu ya tatu, anakula biskuti."

Vichwa mia viligeuka. Neng, mdomo umejaa, aliinua mkono wenye uzi.

Ilikuwa zamu ya Blia. Alikuwa amejiandalia sentensi mbili fupi. Lakini alipomwona mumewe vile, mkono juu, makombo kidevuni, akitazamwa na umati kama mtu aliyerudi kutoka mahali asipokwenda, aliona hazitoshi. "Mimi, Blia Moua, nilisema kwa mdomo huu kwamba mwana wa Chia amekufa," alisema kwa Kihmong. "Nilisema kwa wivu. Nalirudisha." Na maneno ambayo huimbwa na wazee mlangoni wakiiita roho irudi, yai mkononi, ubani ukifuka, yakamtoka yenyewe, bila yai na bila ubani: "Neng, rudi. Kama uliogopa, rudi. Usikae kwenye mianzi, si kwako. Usikae majini, kuna baridi. Rudi ule, kitanda chako kipo, viatu vyako vipo mlangoni. Rudi."

Shangazi Youa alijifuta macho. Mama Chia hakufuta. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anayekubali bei.

Mzee mmoja Mmarekani nyuma alinyoosha mkono. "Samahani. Sasa mama huyu alipoteza nini?"

Gaosheng alifasiri swali. Mama Chia alifikiri, akajibu bila kusimama. "Waambie nilishindwa kwenye bei. Alitaka mikufu miwili, nami mwishoni nikampa yote miwili. Ningemshika vizuri angechukua mmoja. Hilo linaniuma mpaka leo."

Gaosheng aliwafasiria, mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, hata wale waliokuja na leso zao mkononi. Makofi yakapigwa. Walimpigia Gaosheng, kwa ujasiri wake, wengine walisimama. Blia aliyasikia yakimpita begani kama mvua inayonyesha shamba la jirani, akamwonea mwenzake wivu hata kwa hilo.

Kwenye chumba cha makoti Bi Halvorsen aliwangoja. Alisema neno uaminifu mara nne. Alisema kampuni ya vitabu haitaweza kuendelea na kitabu hicho.

"Mara mbili nilikuletea mtoto akiwa hai," alisema Gaosheng. "Mara mbili ukamrudisha."

"Nilitaka tu watu waguswe."

"Wameguswa. Umewasikia wakicheka?"

Bi Halvorsen alivuta shali yake. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kuwa mtu aliyepotea katika mtaa wake mwenyewe. Akamgeukia Blia, labda kwa kutafuta uso mwingine wa kuutazama. "Nawe, wewe pia unaandika?"

"Ndiyo," alisema Blia. "Ulinijibu." Akamfunga Gaosheng zipu ya koti hadi kidevuni, kwa sababu mikono ya mwenzake haikuwa ikifanya kazi, wakatoka.

*

Furaha ilimjia kweli, siku ya tatu, kama alivyoahidi. Ilikaa kitambo kidogo, haikuwa tamu, ikaenda zake. Neng alipata kulungu mmoja mwishoni mwa msimu. Teng aliacha kuzungumzia nyumba za kupanga.

Jumanne Blia alikuwa kwenye meza ya jikoni, anaandika. Gaosheng aliingia, akasimama nyuma ya kiti, akamimina chai asiyoinywa.

"Unaandika mto," alisema.

"Naandika bei."

"Dada mkubwa, ule mtumbwi ulikuwaje? Mama aliwahi kusema? Ulikuwa na rangi?"

Blia aliujua ule mtumbwi. Alijua kiraka chake cha bati na kuku wawili waliofungwa miguu mbele. Alijua kwamba mwenye mtumbwi alikuwa na meno matatu na alilalamikia mgongo wake. Miaka kumi na tisa alikuwa amejaza soseji kando ya Mama Chia, huku Gaosheng akiwa shuleni, chuoni, kwenye simu. Hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa akipewa kitu.

"Aliwahi," alisema.

"Niambie."

"Siambii. Huu naandika mimi. Wewe andika yako."

"Yangu ipi? Mimi nimezaliwa hapa. Sina hata kambi. Sina kitu ambacho mtu yeyote angetaka."

"Basi hujawahi kuketi ukakitazama," alisema Blia. "Nami nilikuwa na nyanya tu."

Gaosheng aliegemea mbele kidogo, macho yakateleza kwenye ukurasa, yakashika mstari wa kwanza, wa pili, naye akakaza midomo. Blia aliuona uso ule, akaujua palepale, kama mtu anavyoijua nguo yake akiiona imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Akavuta kiti cha pili kwa mguu, akasukuma kalamu moja upande wa pili wa meza, kisha, kama wafanyavyo watoto darasani, akauzungushia mkono ukurasa wake ili mwenzake asiuone.